Nilicholipia na nilichopewa: tathmini ya huduma ya mikeka ya kulipia

Kwa siku 90 nilikuwa mwanachama anayelipa katika kundi linalouza mikeka, yaani machaguo ya mechi za kubetia, kupitia programu ya ujumbe. Katika siku hizo zote niliandika daftarini kila chaguo nililotumiwa: saa lilipofika, odi (namba ambayo dau huzidishwa nayo ukishinda) waliyoitangaza, odi niliyoikuta mimi nilipofungua akaunti yangu, na matokeo ya mechi. Sikufanya hivyo kwa kuwatilia shaka. Nilijiunga nikiamini kwamba mtu anayefuatilia ligi ndogo mchana na usiku anaweza kujua jambo ambalo mimi sina muda wa kulijua, na kwamba ni halali alipwe kwa kazi hiyo kama anavyolipwa mshauri mwingine yeyote. Bado naamini hivyo. Kundi lenyewe silitaji jina, kwa kuwa mengi ya niliyoyaona humo niliyakuta tena katika makundi mengine niliyoyachungulia baadaye, na nisingependa msomaji adhani kwamba akiliepuka hilo moja atakuwa salama.

Nianze na yaliyo mazuri, ambayo ni machache lakini ni ya kweli. Ujumbe wa asubuhi haukuchelewa hata siku moja. Malipo yalipokelewa bila usumbufu na mwanachama aliingizwa kundini ndani ya dakika chache. Kulikuwa pia na mchambuzi mmoja, aliyekuwa akishughulikia ligi za madaraja ya chini, ambaye uandishi wake ulistahili kusomwa hata na mtu asiyebeti: alieleza ni mchezaji gani hatacheza na kwa nini, timu imesafiri umbali gani katikati ya wiki, na kocha mpya amebadilisha nini katika upangaji wa safu ya ulinzi. Mara mbili aliandika wazi kwamba hana chaguo la siku hiyo kwa sababu odi zilizopo hazilingani na hatari iliyopo. Katika muda wote niliokaa humo, huyo ndiye peke yake aliyewahi kuwaambia wanachama wasiweke pesa.

Sasa hesabu. Machaguo ya mechi moja moja niliyotumiwa yalikuwa 186, na yaliyoshinda yalikuwa 98, yaani asilimia 52.7. Tangazo lililonivuta lilisema asilimia 84. Wastani wa odi walizozitangaza kwa machaguo yaliyoshinda ulikuwa 1.85, na kwa odi hiyo mtu anahitaji kupatia zaidi ya asilimia 54 ya mara zote ili asipoteze. Kwa hiyo hata kwa hesabu yao wenyewe, aliyeweka dau moja lilelile kwenye kila chaguo alimaliza akiwa amepungukiwa na karibu madau 5.

Hapa lazima niwatendee haki. Machaguo 186 ni machache mno kumhukumu mbashiri. Kwa odi zinazokaribia 2.00, bahati peke yake inaweza kuyumbisha matokeo ya idadi hiyo kwa takriban asilimia 7 ya pesa zote zilizowekwa, juu au chini, bila jambo hilo kuwa la ajabu. Inawezekana kabisa kwamba watu hawa wana ujuzi na nilikutana nao katika kipindi kibaya. Inawezekana vilevile kwamba hawana ujuzi wowote na nilikutana nao katika kipindi kizuri. Ndiyo maana simlaumu muuzaji kwa hasara niliyoipata: mtu mzima anayebeti anajua, au anapaswa kujua, kwamba pesa inaweza kuondoka. Ninachomlaumu ni kwamba alinizuia nisiweze kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililo kweli.

Alinizuia kwa njia tatu ambazo daftari langu lilizifichua polepole. Ya kwanza ni kufuta. Chaguo likipotea, ujumbe wake uliondolewa kundini kabla ya asubuhi, na mahali pake pakabaki picha za mikeka iliyoshinda, zikiwa zimepambwa kwa rangi na pongezi. Mwanachama aliyeingia wiki iliyofuata alikuta historia isiyo na kosa. Ya pili ni namna ya kuhesabu: siku yenye machaguo matano ilihesabiwa kuwa siku ya ushindi ikiwa mawili yalipatia, na mwisho wa mwezi zilizotangazwa zilikuwa siku za ushindi, si machaguo yaliyoshinda. Asilimia 84 ilitoka huko, na kwa maana hiyo finyu haikuwa uongo, jambo ambalo kwangu linaifanya kuwa mbaya zaidi, kwa sababu aliyeibuni hesabu hiyo alijua vizuri msomaji ataielewaje.

Ya tatu niliigundua kwa bahati. Kabla ya kulipa nilikuwa kwenye kundi lao la bure, ambako walipatia mara tano mfululizo, na mfululizo huo ndio ulioniondolea wasiwasi. Katika mwezi wa pili, mwanachama mwenzangu alinionyesha kundi jingine la bure la watu walewale, alilokuwa nalo yeye kabla ya kujiunga, na tulipoyaweka ya kwake na ya kwangu pamoja tukaona kwamba kwa siku zilezile na mechi zilezile tulitumiwa machaguo yanayopingana. Mbinu hii ni ya zamani na hesabu yake ni rahisi. Ukiwa na watu 1,024, ukawaambia nusu kwamba timu ya nyumbani itashinda na nusu kwamba haitashinda, kisha ukaendelea na wale tu waliopewa jibu sahihi, baada ya mechi 5 watabaki watu 32 ambao hawajawahi kukuona ukikosea. Baada ya mechi 10 atabaki mmoja. Kwa huyo mmoja wewe ni nabii, ilhali hukuwa umechambua mechi hata moja. Sina ushahidi kwamba waliendesha mbinu hiyo kwa ukamilifu wake wote. Nina ushahidi kwamba makundi mawili yalipewa majibu mawili, na kwamba hakuna aliyeambiwa.

Kuhusu odi, tofauti kati ya ile iliyotangazwa na ile niliyoipata ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Kwa machaguo yaliyoshinda, wastani wangu ulikuwa 1.78 dhidi ya 1.85 yao. Mtu anaweza kuiona tofauti hiyo kuwa ndogo, lakini ndiyo iliyogeuza hasara ya karibu madau 5 kuwa hasara ya zaidi ya madau 11. Sababu yake inaeleweka. Soko la ligi ndogo lina pesa kidogo, na mamia ya watu wanapokimbilia chaguo moja ndani ya dakika mbili, kampuni ya kubeti hushusha odi mara moja. Muuzaji anayeweka dau lake kwanza na kutuma ujumbe baadaye anachukua odi nzuri, na wateja wake wanagawana masalio. Rekodi anayoitangaza ni ya odi ambayo karibu hakuna mteja aliyeipata. Kwa maoni yangu, muuzaji mwaminifu angeandika odi iliyokuwepo dakika 10 baada ya ujumbe kutoka, kwa kuwa hiyo ndiyo bidhaa iliyomfikia mnunuzi.

Kisha ipo ada, na hapa ningeomba msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu sijaona mahali ambapo wauzaji wa mikeka wanalieleza jambo hili. Ada ya mwezi mmoja ililingana na madau yangu 5. Kwa miezi mitatu nililipa madau 15, kiasi ambacho ni kikubwa kuliko hasara yenyewe ya kubeti. Kwa jumla niliondoka nikiwa nimepoteza zaidi ya madau 26. Tuseme sasa kwamba machaguo yale yangekuwa mazuri kweli, yenye kuleta faida ya asilimia 3 juu ya kila pesa inayowekwa, kiwango ambacho mbashiri wa kazi angekipokea kwa shukrani. Kwa machaguo 62 ya mwezi, faida yangu ingekuwa chini ya madau 2. Ada ni 5. Ningepoteza kila mwezi nikiwa nafuata ushauri sahihi wa mtu hodari.

Njia pekee ya kuirudisha ada hiyo ni kuongeza dau, karibu mara tatu ya lile nililokuwa nimejipangia kulingana na kipato changu. Na hivyo ndivyo wanachama wengi walivyofanya, bila hata kuambiwa, kwa sababu kila mmoja aliona kwamba dau dogo halimfikishi popote. Ada isiyobadilika humsukuma mwenye uwezo mdogo acheze kama mwenye uwezo mkubwa. Muuzaji angeweza kuandika sentensi moja tu kwenye tangazo lake, kwamba huduma hii haimfai mtu ambaye dau lake liko chini ya kiasi fulani. Sentensi hiyo ingempunguzia wateja wengi, na naamini ndiyo maana haipo. Namna nilivyokuja kuliona jambo hili, kipimo cha kwanza cha uadilifu wa mtu anayeuza ushauri wa pesa ni kama yuko tayari kumrudisha mlangoni mteja asiyefaidika.

Nililoumizwa nalo zaidi ni kiungo. Siku ya kwanza niliombwa nijisajili upya kwenye kampuni fulani ya kubeti kwa kutumia kiungo cha kundi, na nikaahidiwa punguzo la ada nikifanya hivyo. Niliona ni jambo dogo. Miezi miwili baadaye nilisoma masharti ya ushirika ya kampuni hiyo, ambayo yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma, nikakuta kwamba anayeleta wateja anaweza kuchagua moja kati ya malipo mawili: kiasi maalumu kwa kila mteja mpya, au asilimia ya mapato ambayo kampuni inayapata kutoka kwa wateja hao kwa muda wote watakaokuwa na akaunti. Mapato ya kampuni kutoka kwangu ni pesa ninazopoteza. Hayana chanzo kingine. Mwenye mkataba wa aina ya pili analipwa ninaposhindwa, na nikishinda kwa muda mrefu anakosa.

Niliwaandikia mara mbili kuuliza wana mkataba wa aina gani. Ujumbe ulisomwa na haukujibiwa. Sidai, kwa hiyo, kwamba nawajua kuwa na ule wa asilimia. Nadai kwamba nilikuwa na haki ya kuambiwa kabla ya kufungua akaunti. Wakili anayelipwa na upande wa pili wa kesi anajitoa au anatangaza. Daktari anayepokea fedha kutoka kwa mtengenezaji wa dawa anapaswa, kwa uadilifu, kulisema hilo mbele ya mgonjwa. Mtu anayeniambia asubuhi niweke pesa wapi, na jioni akapokea sehemu ya pesa ileile niliyoipoteza, ana masilahi yanayogongana na ya kwangu waziwazi, na hakuna kiasi cha uchambuzi mzuri kinachoweza kuliondoa jambo hilo. Inawezekana kwamba hakuwahi kunipa chaguo baya kwa makusudi. Hata hivyo hana sababu ya kuhangaika ninapopotea, wala hana sababu ya kunizuia nisiongeze dau.

Na kweli hawakuzuia. Kila siku mbaya, ilipofika jioni, kundi lilitangaza bidhaa ya ziada iliyoitwa mkeka wa kufidia, inayouzwa kando ya ada ya mwezi. Mkeka huo ulikuwa wa mechi tano hadi nane zilizounganishwa, ambazo zote lazima zipatie ndipo ulipwe, ukiambatana na maelekezo ya kuweka dau kubwa kuliko la asubuhi. Kampuni ya kubeti inapotoa odi ya 1.90 kwa tukio ambalo kwa haki lingestahili 2.00, inakata asilimia 5. Ukiunganisha matukio matano ya namna hiyo, makato yanazidishana mpaka kufikia zaidi ya asilimia 22. Mtu aliyepoteza asubuhi kwa makato madogo alielekezwa jioni kwenye makato makubwa mara nne. Walioshindwa tena waliambiwa waongeze maradufu kesho yake. Kuongeza maradufu baada ya kushindwa mara saba mfululizo, kwa anayeanza na dau moja, kunakuwa kumemeza madau 127, na dau la nane linadai 128 mengine.

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ni ugonjwa, na umo katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 unauweka katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, na mojawapo ya dalili unazozitaja ni mtu kurudi kubeti ili kurudisha alichopoteza. Dalili hiyo ndiyo iliyopewa jina hapa na kuuzwa. Nilimwona mwanachama akiandika usiku kwamba pesa aliyoiweka ilikuwa ya kodi ya nyumba. Msimamizi wa kundi alimjibu, “Kaka, usikate tamaa, kesho tunarudisha zote,” kisha akamtumia maelekezo ya kununua mkeka wa kufidia. Nimeusoma mjibizano huo mara nyingi. Siwezi kuuita uzembe, kwa kuwa aliyejibu alikuwa amesoma vizuri kilichoandikwa.

Lipo pia tangazo la mechi zilizopangwa, ambalo nitalipitia kwa kifupi kwa sababu halistahili zaidi. Kwa malipo makubwa kuliko ada, waliahidi matokeo ya mechi ambayo eti yalikwisha kununuliwa. Upangaji wa matokeo upo duniani: mwamuzi wa Ujerumani Robert Hoyzer alihukumiwa kifungo mwaka 2005 kwa kuhusika nao, na mojawapo ya mechi zilizomponza ni ile ya kombe ya Agosti 2004 ambapo Paderborn waliifunga Hamburg 4–2. Lakini waliofaidika katika kesi ile walikuwa kikundi kidogo kilichojificha, kwa sababu siri ikitoka odi zinaanguka na wachunguzi wanaamka. Anayeitangazia siri hiyo kadamnasi ana hali mbili tu: ama anadanganya, ama anashiriki uhalifu na kuwaalika wateja wake wauingie pamoja naye. Katika hali zote mbili hastahili kulipwa.

Watu wengi hulimaliza suala hili lote kwa swali moja: kama anajua, kwa nini auze badala ya kubeti mwenyewe? Siliafiki swali hilo, ingawa nalisikia kila mara. Kampuni nyingi za kubeti huwawekea kikomo wateja wanaoshinda, hata mtu hodari akajikuta haruhusiwi kuweka zaidi ya dau la mtoto. Mwingine ana ujuzi lakini hana mtaji, au ana familia na anahitaji kipato kisichopanda na kushuka kila wiki. Hizo ni sababu za heshima za kuuza. Mchambuzi wa ligi ndogo niliyemtaja mwanzoni huenda ni mtu wa namna hiyo, na nasikitika kwamba kazi yake imefungwa ndani ya duka hili. Kuuza ujuzi si kosa, mradi mnunuzi apewe rekodi nzima, odi inayopatikana kweli, jina la yule mwingine anayemlipa muuzaji, na ukweli kuhusu dau linaloweza kuibeba ada. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji gharama. Daftari na kalamu vilinitosha mimi.

Mwisho wa mwezi wa tatu niliwatumia nakala ya daftari langu lote, kurasa kwa kurasa, na kuwaomba waniambie wapi nimekosea. Hawakupinga mstari hata mmoja. Walinipa mwezi wa nne bure, kwa sharti kwamba niandike maoni mazuri na nisiyasambaze yale niliyoyarekodi. Nilikataa, na kesho yake nikaondolewa kundini. Anayetaka kujitoa ajue kwamba ada hujirudia yenyewe mpaka utakapoifuta kwenye njia yako ya malipo. Kuondolewa kundini hakuisimamishi, na mimi nilikatwa mara moja zaidi kabla ya kutambua.

Nawapa nyota moja kati ya tano. Nyota hiyo ni ya yule mchambuzi, kwa zile siku mbili alizosema kwamba leo hana chaguo.